Sahihi Mwisho wa Mkutano

Katika kazi yangu ya uuguzi nimekasirishwa na wengi, wakiwemo wagonjwa, waume wa wagonjwa na madaktari wawili, lakini hakuna aliyenikasirisha kama Karani. Na katika hao wote hakuna niliyemkosea kama yeye. Nayasema yote mawili hapa mwanzo ili msomaji ajue mapema kwamba simwandiki mtakatifu, wala mimi mwenyewe sitoki humu nikiwa safi.

Alikuwa karani wa wadi yetu, huku Dagoretti Kusini, kwa miaka yote niliyomfahamu. Kazi yake ilikuwa kuandika kumbukumbu za mikutano ile ambayo wananchi huitwa waseme pesa za mwaka zifanye nini. Mwenye mshahara hukatwa kodi, kodi huenda serikali kuu, serikali kuu huzigawia kaunti, kaunti nayo huangalia wadi zake. Mwisho wa safari hiyo ndefu kuna ukumbi wenye viti vya plastiki, kreti za soda, na mwanamke mfupi aliyepakata mkoba mweusi.

Ndani ya mkoba mlikaa karatasi ya mahudhurio, na karatasi hiyo ndiyo iliyomgombanisha na watu. Kwingine kote huzungushwa mkutano unapoanza. Unaandika jina na nambari ya kitambulisho, unatia sahihi, unapewa soda na nauli, na baada ya hapo kukaa au kuondoka ni juu yako. Karani hakuitoa mpaka neno la mwisho liwe limesemwa, limeandikwa na limesomwa tena kwa sauti. Nakumbuka mwendesha bodaboda mmoja alivyombembeleza akiwa amepiga goti kando ya kiti chake.

"Mathe, nipee tu nisaini nitoke. Niko na kastoma ananingoja hapo nje."

"Usaini nini?"

"Si hiyo ya kuonyesha nilikam."

"Nimekuona umekuja, hiyo haina shida. Lakini soma hapo juu."

Hapo juu, kwa herufi ndogo ambazo hakuna mtu aliyekuwa akizisoma, paliandikwa: Waliohudhuria na kuidhinisha.

"Sasa baba, utaidhinisha nini na hujaskia kitu bado? Keti. Soda haiendi mahali."

Aliketi kwa kununa. Kule kwao magharibi mwanamke mzima humwita kijana "baba" kwa upole, lakini Karani alipolitamka neno hilo ulijua huna pa kutokea.

Kila mwezi alikuja kwenye zahanati kupimwa presha, na alichagua Jumatatu asubuhi, wakati foleni imefika langoni. Namfunga kitambaa cha mashine mkononi, naye ananiuliza mambo yasiyomhusu.

"Sista, mwezi huu umekatwa kodi ngapi?"

Nilimtajia, maana nisipomtajia angeuliza tena mwezi ujao.

"Na imerudi nini?"

Niliangalia huku na huku. Glavu zilikuwa zimeisha, na sinki letu lilikuwa na jagi la plastiki juu yake kwa sababu bomba lilikauka tangu Alhamisi. "Haijarudi kitu, Mama."

"Usiseme haijarudi. Sema haijafika. Hayo ni mambo mawili."

Kwake hayo yalikuwa mambo mawili kweli. Alijua pesa imekwama wapi kama mtu anayefuatilia mgeni aliye njiani. Leo mabunge mawili yanavutana juu ya mgao, leo yamekubaliana ila hazijatumwa, leo zimeingia kaunti lakini kuna madeni yaliyotangulia. Alinieleza haya huku mashine ikimbana mkono, na namba zikipanda mbele ya macho yangu. Nilimwomba anyamaze nipime. Alinyamaza kwa nusu dakika, kisha akauliza hiyo mashine ilinunuliwa mwaka gani na kwa bajeti ya nani.

Siku moja alinialika kwake Mutuini. Alipanga chumba na jiko kwenye nyumba mpya za mawe, na mbele ya mlango wake bado palikuwa na kipande cha shamba la kabichi ambacho mwenye shamba hakuwa amekiuza. Alikuwa amechinja kuku. Kwao kuku haliwi ovyo. Kila kipande kina mwenyewe, na firigisi ni ya mwenye nyumba. Nilikuwa nimemletea mkate na hoja. Mimi ni mzaliwa wa Dagoretti, na nilikuwa nimechoka kusikia kwamba kodi inayokatwa Nairobi inapelekwa kaunti ambako hakuna mtu anayelipa chochote. Nikamwambia hivyo, tena kwa ukali, maana wiki hiyo nilikuwa nimemfunga mgonjwa kidonda kwa kitambaa changu mwenyewe.

Alinisikiliza huku akigawa. Paja akaniwekea mimi, kwa sababu nilikuwa mgeni.

"Huyu kuku nani alinunua?" akaniuliza.

"Wewe."

"Ningekuwa nagawa kwa kuangalia nani alinunua, wewe ungekula ugali na mchuzi. Mama yangu kule nyumbani ako na miaka themanini. Hajawahi kuwa na payslip hata siku moja. Asitibiwe?"

Nikamuuliza, kwa kumchokoza tu, firigisi itakwenda kwa nani sasa, maana mume wake alishafariki. Akaichukua kwa vidole viwili akaitia mdomoni.

"Mwenye nyumba ni mimi," akasema akitafuna.

Nilidhani kwa hiyo nimemjua. Nilidhani ni mtu wa kutetea mashambani, basi. Haikupita wiki mbili nikamsindikiza mjini, ofisi moja iliyo ghorofa ya juu, na tulipanda ngazi kwa sababu lifti ilikuwa imeharibika. Alipumzika kila ghorofa, nikawa nahesabu pumzi zake kwa siri. Kule juu alisimama mbele ya meza ya afisa na kumwambia kwamba wadi yetu imerukwa, kwamba jiji ndilo linalobeba kodi ya nchi mgongoni na halipati hata mfereji, na kwamba hataondoka mpaka aone jina la wadi kwenye orodha. Alisema maneno yangu yale yale niliyomwambia mezani kwake, ila yeye aliyasema vizuri zaidi. Tukiwa tunashuka nikamkumbusha kuku.

"Siku ile nilikuwa mtu," akasema. "Leo niko kazini."

Alikuwa na mengi ya namna hiyo. Alihubiri uwazi lakini hakumwambia mtu umri wake, hata mimi niliyehitaji kuuandika kwenye kadi. Alikataa chai ya ofisi wakati mishahara imechelewa, akidai hawezi kunywa chai ya mwajiri ambaye hajamlipa, ila aliinywa nusu kikombe akiona sukari imeshatiwa. Jumapili alisafiri hadi Muthangari kuimba sauti ya pili kwenye kwaya, na aliwahi kugombana na mchungaji akitaka matumizi ya sadaka yasomwe kabla ya sadaka nyingine kutolewa. Mchungaji alimpa kazi ya kupanga maua. Akaifanya, na akaandika kila ua lilipotoka.

Mara nyingine walimtuma kusaidia wadi nyingine. Alinisimulia kuhusu mkutano mmoja Hurlingham ambako muuza vigae wa barabara ya Argwings Kodhek, Mhindi mzee mwenye shati lililopigwa pasi sana, alisimama na kulalamika. "Mimi nalipa kodi, baba yangu alilipa kodi. Ile mtaro mbele ya duka yangu imeziba miaka mingi. Pesa yangu inaenda kuchimba kisima ya nani?" Watu wakaguna. Karani aliandika kila neno, akamsomea, akamuuliza kama ameandika sawa. Muuza vigae akasema sawa. "Basi ungoje mpaka mwisho usaini hayo," akamwambia. Alingoja saa tatu nzima. Mwaka uliofuata alikuja na kalamu yake mwenyewe.

Nimezunguka sana. Nafanya hivyo kwa sababu jambo lililobaki silipendi.

Nyuma ya zahanati yetu palikuwa na wodi ya uzazi iliyojengwa nusu. Kuta zilikuwepo na paa lilikuwepo. Milango, vitanda, umeme na maji havikuwepo, kwa hiyo tulihifadhi humo mabati na ngazi. Mama akija na uchungu tulimpa barua na kumtuma mbele, hospitali kubwa, na mbele ni mbali barabara ikiwa tope. Asubuhi moja mama mmoja alijifungulia kwenye kiti cha nyuma cha Probox nje ya lango letu, watoto wa shule wakipita, na mimi nimeshika leso iwe pazia. Mtoto yule aliishi. Wa kabla yake hakuishi, na huyo sitamwandika hapa.

Kwa hiyo mwaka ule wodi ilipoingizwa kwenye orodha ya miradi, nilikuwa kama mtu mwenye homa. Ilibaki wananchi waidhinishe. Lakini mgao kutoka serikali kuu ulikuwa umechelewa, sisi wafanyakazi wa kaunti tulikuwa mwezi wa pili bila mshahara, na mikutano yote ikabanwa ndani ya wiki moja. Wadi ambayo mkutano wake haungekuwa na majina arobaini ingerukwa. Ulikuwa mwezi wa Aprili, na mvua ilikuwa ya kila siku.

Asubuhi ya mkutano Karani aliitwa ghafla mjini. Ukumbi uko jirani na zahanati, akapita kwangu mbio akaniachia mkoba.

"Fungua mkutano, soma ajenda. Nitafika kabla ya mwisho. Karatasi iache humo ndani."

"Sawa, Mama."

"Sista, umeniskia?"

"Nimekuskia, si nimesema sawa?"

Watu walijaa. Nilihesabu, walipita arobaini, moyo ukatulia. Kisha wingu likafunga upande wa Ngong, na akina mama wenye watoto wakaanza kufunga leso. Wawili wakatoka. Wakatoka wengine watatu. Afisa wa barabara aliyetumwa na kaunti, kijana mchangamfu mwenye viatu safi, akaniinamia.

"Sista, hawa watu wanaenda. Ukikosa hao arobaini hakuna wodi. Si uwape tu wasaini?"

Nilitazama mlango, nikatazama simu. Karani hakupokea. Mtu wa sita akasimama. Nikafungua mkoba.

Jina langu ni la kwanza kwenye karatasi ile. Nilisaini mbele yao wote ili waone kwamba si kitu, na nikaipitisha. Ikazunguka upesi, soda zikafunguliwa, nauli zikatolewa, na kabla mvua haijaanza kupiga mabati ukumbi ulibaki na watu kumi na moja. Wanane kati yao walikuwa wenye nyumba za kupangisha. Mmoja akanyoosha mkono, akasema wodi ni jambo zuri lakini ambulensi itapitia wapi kama barabara ya kwenda kwenye nyumba zao haijatandikwa matofali ya kabro? Afisa akasema hoja hiyo ina uzito. Wakapiga kura. Pesa za wodi zikawa pesa za kabro, na chini ya uamuzi huo wakabana karatasi yenye majina arobaini na manne ya waliohudhuria na kuidhinisha. Nilipiga kelele. Afisa alinionyesha sahihi yangu kwa kidole, kwa heshima kabisa.

Karani alifika amelowa, viatu mkononi. Alitazama viti vitupu, akatazama mkoba uliokuwa wazi. Nilingoja anitukane, na ningeshukuru.

"Ulitoa karatasi saa ngapi?" akaniuliza.

"Saa nne na nusu."

"Ajenda ulisoma saa ngapi?"

"Nilikuwa sijasoma, Mama."

Akaketi kwenye kiti cha plastiki, maji yakimtiririka, akaandika.

Wiki tatu baadaye nilipata barua ya kujieleza kwa mwajiri wangu. Barua ilinukuu mstari mmoja wa kumbukumbu: Karatasi ya mahudhurio ilitolewa saa nne na nusu, kabla ya ajenda kusomwa, na muuguzi wa zahanati. Niliusoma mara nyingi. Angeweza kuandika "ilitolewa" akaishia hapo. Angeweza kunificha, mimi niliyempima presha miaka yote ile. Nilisema maneno mabaya juu yake kwa kila aliyetaka kusikia. Jumatatu iliyofuata alipokuja nilimwachia msaidizi ampime, nikajifungia stoo nikipanga dawa ambazo hazikuwepo. Akaja mwezi uliofuata pia. Baada ya hapo hakuja tena, na nikasikia kwamba hayuko tena kwenye wadi. Nilisema afadhali. Nilisema kwa sauti, na dada wa maabara alinisikia.

Ulipita mwaka na zaidi. Akina mama waliendelea kupewa barua. Kabro nzuri nyekundu ikawekwa mpaka kwenye lango la nyumba za kupangisha na ikaishia hapo.

Ndipo nikaitwa mjini, ofisi ya ghorofa ya juu, ngazi zile zile. Mwanasheria wa kaunti, dada mdogo mwenye sauti ya upole, aliniambia kwamba mkutano ule umebatilishwa. Sahihi zilizowekwa kabla ya ajenda haziwezi kuidhinisha kitu, na kulikuwa na ushahidi wa saa. Wodi ingerudishwa kwenye bajeti mpya. Alitaka nithibitishe tu. Akanisogezea kumbukumbu zenyewe, kurasa zote, kwa mwandiko ule uliolala kushoto.

Mstari wangu niliujua kwa moyo. Sikuwahi kuujua uliofuata. Karani hakuwepo. Mkoba aliuacha kwa muuguzi kinyume cha kanuni. Muuguzi hakuwa na mamlaka ya karatasi hii na hapaswi kulaumiwa. Kosa ni la karani.

"Walimfanya nini?" nikauliza.

"Nani?"

"Karani."

Yule dada akapekua faili. "Mkataba haukurefushwa. Alikuwa amebakisha mwaka mmoja astaafu."

Nilishuka zile ghorofa zote bila kushika chuma cha ngazi. Nilijionea haya, na sitatafuta neno lingine. Kumbe bila mstari wangu wodi isingerudi, na aliyejua hilo siku ile ile, akiwa amelowa chapachapa, alijua pia mstari wa pili utamgharimu nini. Nilikwenda Mutuini Jumamosi hiyo. Kabichi zilikuwa zimeng'olewa, nyumba nyingine inajengwa pale, na jirani akaniambia alirudi nyumbani magharibi kumtunza mama yake. Nambari yake nilikuwa nayo. Sikupiga. Nilikuwa mwoga, na nilijiambia kwamba nitampigia wodi ikifunguliwa.

Ilifunguliwa mwaka huu, kwa utepe na hotuba. Mwezi mmoja baadaye nikiwa dirishani nikasikia askari wa lango akibishana na mtu.

"Mathe, kila mgeni anasaini kitabu. Ni sheria."

"Nitasaini nikitoka. Sijaona kitu bado."

Nilitoka na glavu mkononi. Alikuwa amekonda, na mkoba ulikuwa ule ule. Nikamshika mikono yote miwili.

"Mama, nilisoma mstari wa pili."

"Ilikuchukua muda."

"Nisamehe."

"Twende unionyeshe wodi," akasema, na hakuachia mkono wangu.

Alibonyeza magodoro. Aliwasha taa, akazima, akawasha. Alisimama kando ya mama mmoja aliyejifungua alfajiri, akamtazama mtoto muda mrefu bila kumgusa. Nikawa nimeanza kupumua vizuri. Kisha akaenda kwenye sinki akafungua bomba, na hakikutoka kitu. Nikaanza kumweleza. Tangi lipo, mabomba hayajaunganishwa, pesa za fundi zimo kwenye mgao ambao haujafika, tunabeba maji kwa ndoo lakini tunabeba.

"Haujafika," akarudia neno langu, na nusura acheke.

Langoni askari akamfungulia kitabu. Karani alitoa kalamu, akausoma ukurasa kutoka juu hadi chini, akarudisha kalamu mkobani.

"Maji bado," akaniambia. "Yakija, uniite."

Wiki iliyopita mafundi walikuja. Jana saa sita msimamizi wao alichungulia ofisini kwangu akasema kazi imekwisha, maji yapo. Sikungoja hata atoke. Nilipiga simu nikiwa nacheka.

"Mama, maji yamekuja."

"Umefungua bomba wewe mwenyewe?"

Nilikuwa nimeketi, na mbele yangu palikuwa na fomu ya mafundi ya kukabidhi kazi. Nilikuwa nimeshaisaini.

"Nimeambiwa na fundi," nikasema.

Akakata simu.

Nilichukua ndoo nikaenda wodini. Bomba lilikohoa upepo, likatema maji mekundu ya kutu, likanyamaza. Nilisimama pale, na akina mama wawili wakinitazama kutoka vitandani, mpaka likakohoa tena. Niliyaacha yatoke hadi yakawa meupe, na hadi ndoo ikajaa, ndipo nikapangusa mkono nikampigia tena.